Grafu ipi kwa takwimu zipi: ninavyoandaa taarifa za wakulima wa viazi Uporoto

Mwaka ule mkutano wetu wa mwisho wa msimu ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, juu kwenye safu za milima ya Uporoto, mkoani Mbeya, jirani na barabara inayotoka Uyole kuelekea Tukuyu. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi madirishani. Wakulima walikaa wanne wanne kwenye madawati ya watoto, makoti yamefungwa hadi shingoni, nami nikabandika ubaoni karatasi ya manila yenye nguzo mbili, moja ya kijiji cha juu na moja ya kijiji cha chini. Kijiji cha juu kilikuwa kimekusanya magunia 182 ya viazi mviringo, cha chini 196.

Ili kuokoa nafasi, nilianza kuhesabu mhimili wima kutoka 180 badala ya sifuri. Kwa hiyo nguzo ya kijiji cha juu ilisimama hatua 2, ya kijiji cha chini hatua 16. Mama mmoja wa safu ya tatu, mtoto mgongoni, akasimama. "Binti, ina maana wenzetu wamevuna mara nane yetu? Na mbegu si tulishusha kwenye gari moja?" Darasa likachemka. Nilitumia muda mrefu kueleza kwamba tofauti ni magunia 14 tu, na bado wako walioondoka wakiamini kwamba kijiji cha chini kilipewa mbegu nzuri zaidi.

Yule mama alisoma sawasawa kabisa nilichochora. Namba halisi nilikuwa nimeziandika juu ya kila nguzo kwa maka peni nyeusi, lakini jicho lilishauona urefu kabla ya kufika kwenye namba, na moyo ukawa umeshaamua.

Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu wa kuchagua mchoro. Nauandika hapa kwa yeyote mwenye daftari la takwimu na mkutano unaomsubiri: katibu wa kikundi, mwalimu, mhudumu wa zahanati, mtendaji wa kijiji, mwanafunzi anayemalizia ripoti ya mafunzo kwa vitendo.

Sentensi kabla ya kompyuta

Usianze kwa kufungua Excel. Ukiionyesha jedwali itakupa kila aina ya grafu ndani ya sekunde moja, na zote zitaonekana zina maana. Chukua karatasi. Fikiria nani atakuwa mkutanoni, kisha andika swali atakalouliza. Ukishalipata swali, andika jibu lake kwa sentensi moja kamili yenye kitenzi. "Bei ya viazi" si sentensi bado. "Bei ya gunia ilianza kushuka wiki ile ile vijiji vyote vitatu vilipoanza kuvuna" ni sentensi.

Sasa isome sentensi yako taratibu, utafute neno linaloibeba. Nimegundua kwamba Kiswahili chenyewe hukuonyesha mchoro. Ukiona "kuliko", unataka nguzo. Ukiona "tangu", au "ilipanda", au "ilishuka", unataka mstari. Ukiona "kati ya" au "nusu ya", unagawa kitu kizima kwa mafungu. Ukiona "kadiri… ndivyo", unataka nukta. Na ukijikuta umeandika "wengi wao", unataka kuonyesha jinsi watu walivyosambaa, ambalo ni jambo jingine tena.

Ikikushinda kuandika sentensi, hujazisoma takwimu zako vya kutosha. Rudi kwenye daftari. Grafu haitakuokoa.

Kipimo kimoja kwanza

Hapa ndipo kazi nyingi inapoharibikia, kabla hata ya rula kugusa karatasi. Kwenye daftari langu la msimu wa kwanza niliandika "magunia" tu. Gunia gani? Mmoja anahesabu gunia lililopimwa kwenye mizani kilo 100. Mwingine anahesabu lumbesa, lile gunia lililofungwa kichwa cha kamba juu ya mdomo, viazi vimejaa hadi vinachungulia nje. Lumbesa imekatazwa na Wakala wa Vipimo huipiga vita, lakini mkulima akibanwa na dalali barabarani hufunga hivyo hivyo. Ukiweka gunia na lumbesa kwenye grafu moja, aliyefunga lumbesa ataonekana amevuna kidogo, kumbe ndiye aliyenyonywa zaidi.

Debe nalo, mmoja analipima kwa kusawazisha juu, mwingine analijaza hadi linafanya kichuguu. Ekari hupimwa kwa hatua 70 kwa 70, na hatua za mtu mrefu si za mtu mfupi. Kwa hiyo nageuza kila kitu kuwa kilo, kwa mizani, na mashamba napima kwa kamba moja. Na vijiji visivyolingana idadi ya wakulima silinganishi kwa jumla. Nagawa kwa ekari. Kijiji chenye wanachama 60 kitakizidi chenye wanachama 25 hata kama mashamba yake yamechoka.

"Kuliko": nguzo

Shuleni wengi tulifundishwa kuiita grafu ya mihimili. Mimi nasema nguzo, ili neno mhimili libaki kwa ile mistari miwili ya kupimia, wima na wa ulalo.

Nguzo ina sharti moja ambalo silivunji tena: inaanzia sifuri. Jicho hulinganisha urefu mzima wa nguzo, hivyo ukiikata miguu umedanganya, hata kama hukukusudia. Kwenye Excel bofya namba za mhimili wima uweke kiwango cha chini kuwa 0, kwa sababu mara nyingine programu huanza pengine bila kukuuliza. Tofauti ikiwa ndogo kiasi kwamba nguzo zinaonekana sawa, basi habari yenyewe ndiyo hiyo: zinakaribiana.

Majina yakiwa marefu, zilaze nguzo. Nguzo za ulalo zinakupa nafasi ya kuandika jina kamili la kijiji bila kulipindisha kama mtu anayesoma akiwa amelala. Kisha zipange kutoka kubwa kwenda ndogo. Kupanga kwa alfabeti kunafaa orodha ya mahudhurio, si kulinganisha.

Jaribu na takwimu ambazo kila mtu anaweza kuzipata, za Sensa ya 2022, kwa mikoa 7 inayotajwa kwa kawaida kuwa Nyanda za Juu Kusini. Mbeya watu 2,343,754. Ruvuma 1,848,794. Rukwa 1,540,519. Songwe 1,344,687. Iringa 1,192,728. Katavi 1,152,958. Njombe 889,946. Zilaze hivyo hivyo kwa mpangilio huo, andika namba mwishoni mwa kila nguzo, futa mistari ya nyuma ambayo haimsaidii mtu, na rangi iwe moja. Kama sentensi yako inahusu Iringa, ipake Iringa rangi nzito na nyingine zote kijivu. Mtu wa dawati la nyuma ataona unazungumzia nini kabla hujafungua mdomo.

"Kati ya": mafungu, na lile duara

Chukua mikoa hiyo hiyo 7 uitie kwenye chati duara, ile inayokatwa kama chapati. Jumla ni watu 10,313,386. Kipande cha Iringa kitakuwa na pembe ya nyuzi 41 na nusu hivi, cha Katavi nyuzi 40 na kidogo. Hakuna jicho mkutanoni litakalotambua kipi kikubwa. Kwenye nguzo, tofauti hiyo ya watu 39,770 inaonekana, ndogo lakini inaonekana, kwa sababu nguzo zote zimeanzia mstari mmoja. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, William Cleveland na Robert McGill, walichapisha majaribio yaliyoonyesha jambo hilo: watu husoma kwa usahihi zaidi vitu vilivyopangwa kwenye kipimo kimoja cha pamoja kuliko pembe, na kuliko ukubwa wa eneo.

Sikatai duara kabisa. Lina kazi moja linayoifanya vizuri: vipande viwili au vitatu vya kitu kizima, na kimoja kinazidi wazi. Mkutanoni likisema "zaidi ya nusu ya fedha zetu zilikwenda kwenye usafiri", kila mtu anaelewa, maana nusu ya duara haihitaji rula. Lakini vipande visifike 5, visiwe na rangi zinazofanana, na vyote vijumlishe asilimia 100. Nimeona duara la majibu ya swali ambalo mtu aliruhusiwa kuchagua majibu zaidi ya moja. Jumla ya vipande ilizidi asilimia 100, na aliyechora akavibana tu ndani ya mduara. Kwa swali la namna hiyo tumia nguzo.

Nguzo za tabaka, zile zilizowekwa rangi moja juu ya nyingine, nazitumia kwa nadra. Tabaka la chini linalinganishika, na urefu wa jumla pia. Yale ya katikati yanaelea, kila moja linaanzia kwake. Ukizitumia, weka chini lile linalotajwa kwenye sentensi yako.

"Tangu": mstari

Huu ndio mchoro ninaoupenda kuliko yote, na ndio ulionifundisha zaidi.

Mstari ni wa vitu vinavyofuatana kwa wakati: bei kila wiki, mvua kila mwezi, mahudhurio kila mwaka. Usiutumie kuunganisha vijiji. Hakuna njia ya kutoka kijiji cha juu kwenda kijiji cha chini ndani ya grafu, hivyo mstari unaowaunganisha hauna maana yoyote.

Nafasi kati ya nukta ifuate muda halisi. Nikienda sokoni wiki ya 1, ya 2 na ya 5, basi kati ya 2 na 5 lazima kuwe na pengo la wiki tatu kwenye karatasi. Excel ikiona tarehe zimeandikwa kama maneno ya kawaida hupanga zote kwa nafasi sawa, na mteremko wa taratibu unageuka kuwa korongo. Hakikisha seli ziko kwenye mfumo wa tarehe.

Wiki ambayo hukupima, iache tupu. Usiandike 0. Sifuri maana yake ulikwenda, ukakuta hakuna kitu. Tupu maana yake hukwenda. Msimu mmoja niliugua wiki mbili na mtu aliyenisaidia akajaza sifuri kwa moyo mwema, na grafu ya bei ikaonyesha kana kwamba viazi viligawiwa bure.

Mstari haulazimiki kuanzia sifuri kama nguzo, kwa sababu hapa jicho linafuata mwinuko na mteremko. Ila andika wazi mhimili unaanzia wapi, na usiuvute hadi shilingi chache zionekane kama Mlima Rungwe.

Sasa jambo ambalo wageni wengi wanaoleta ripoti zao huku hawalioni. Kwetu mvua ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na upande wa Tukuyu huchelewa zaidi kukatika. Ukichora mvua ya Mbeya kuanzia Januari hadi Desemba, kama kalenda ya ukutani, utapata mwinuko kushoto, bonde refu la kiangazi katikati, na mwinuko mwingine kulia. Mtu aliyezoea kaskazini au Pwani ataangalia ile miinuko miwili akasema: hii masika, hii vuli. Kumbe ni msimu mmoja umekatwa vipande viwili na kalenda. Anza grafu yako mwezi Julai. Msimu wote utasimama katikati kama kilima kimoja, na mkulima atautambua kwa sababu ndivyo anavyouishi, kuandaa shamba, kupanda, kupalilia, kuvuna.

Na kuna hili la mipaka. Mwanafunzi mmoja wa mafunzo kwa vitendo aliniletea grafu ya watu wa Mkoa wa Mbeya. Sensa ya 2012: watu 2,707,410. Sensa ya 2022: 2,343,754. Mstari unashuka, na chini yake ameandika kwamba wakazi wa Mbeya wanapungua. Namba zake zote mbili ni sahihi. Lakini mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, hivyo Mbeya ya 2012 na Mbeya ya 2022 ni maeneo mawili tofauti yenye jina moja. Jumlisha Mbeya na Songwe kwa 2022 unapata 3,688,441. Mstari unageuka na kupanda kwa watu 981,031. Mtego huo huo upo kwa anayechora Iringa kurudi nyuma hadi sensa ya 2002, kwa sababu Njombe ilikuwa bado ndani ya Iringa. Kabla ya kuunganisha miaka kwa mstari, uliza: kinachopimwa ni kile kile? Mpaka ukiwa umebadilika, unganisha maeneo yaliyogawanywa, au kata mstari mahali hapo uandike sababu pembeni yake.

"Kadiri… ndivyo": nukta

Kadiri mkulima anavyoweka mbolea ndivyo anavyovuna zaidi? Hapa kila mkulima anakuwa nukta moja. Mhimili wa ulalo unabeba mifuko ya mbolea kwa ekari, mhimili wima unabeba kilo za viazi kwa ekari. Usichore mstari wowote kwanza. Weka nukta zote, kisha rudi nyuma hatua tatu uangalie zinaelekea wapi.

Za kwetu zilipanda pamoja upande wa kushoto, kisha kulia zikatawanyika: kati ya waliomwaga mbolea nyingi, wengine walivuna vizuri, wengine hovyo. Na nukta moja ilikaa peke yake chini kabisa kulia. Mbolea nyingi, viazi karibu hakuna. Sikuandika jina lolote. Haikusaidia. Kabla sijamaliza kueleza, minong'ono ilikuwa imeshaanza, na nyuma ya darasa mzee mmoja akashusha kofia yake hadi kwenye nyusi.

Kesho yake nilipanda hadi kwake. "Shikamoo baba," nikamwomba radhi. Akaniketisha kwenye kigoda, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Ungeniuliza mapema ningekwambia. Ile mbegu nilinunua barabarani, ikanyauka shamba zima ikiwa na maua." Jambo hilo halikuwa na safu kwenye daftari langu. Nilikuwa naandika mbolea, ekari na kilo, siandiki mbegu imetoka wapi. Msimu uliofuata niliongeza safu hiyo, na nukta nikazipaka rangi mbili, waliopata mbegu kwa kikundi na walionunua barabarani. Mtawanyiko wa kulia ukaanza kueleweka.

Kwa hiyo mambo mawili kuhusu nukta. La kwanza, nukta kuelekea juu pamoja haithibitishi kwamba mbolea ndiyo iliyoleta mavuno. Mwenye pesa ya mbolea mara nyingi ndiye mwenye pesa ya mbegu na ya vibarua wa kupalilia. Sema "vinaenda pamoja", uishie hapo hadi upate ushahidi mwingine. La pili, kwenye kijiji kila nukta ina uso. Kikundi kikiwa kidogo, omba ruhusa kwa wahusika, au changanya vijiji kadhaa kwenye grafu moja ili mtu asitambulike.

"Wengi wao": usiuamini wastani peke yake

Tuseme wakulima 10. Tisa wamepata magunia 20 kila mmoja, mmoja mwenye shamba kubwa kapata 120. Wastani ni 30, na hakuna hata mmoja aliyepata 30. Nguzo moja ya wastani inawaficha wote. Badala yake chora mstari wa kipimo, kisha weka nukta ya kila mtu juu yake. Watu wakiwa wengi, wagawe kwa makundi, 0 hadi 9, 10 hadi 19, 20 hadi 29, uhesabu waliomo kila kundi na kuwasimamishia nguzo zinazogusana. Hiyo ndiyo histogramu. Makundi yawe na upana sawa.

Ambayo siyagusi

Grafu za kujifanya zina kina, nguzo kama matofali na duara kama keki, nimeziacha. Zinazuia zilizo nyuma na kukuza zilizo mbele. Mihimili wima miwili, mmoja wa bei na mwingine wa mvua, nayo nimeiacha, kwa sababu ukiivuta unavyotaka unaweza kufanya mistari miwili yoyote ikutane. Chora grafu mbili, moja juu ya nyingine, miezi ikilingana.

Ramani iliyopakwa rangi ichukulie kwa tahadhari. Wilaya ya Chunya ni kubwa mno kwa eneo ukilinganisha na Jiji la Mbeya, hivyo rangi ya Chunya itatawala karatasi nzima hata pale ambapo watu wengi wako mjini.

Na pengine hakuna grafu inayohitajika. Sensa ya 2022 ilihesabu wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Asilimia 51 na 49. Liseme tu. Na mkulima anayetaka kujua anadaiwa shilingi ngapi za pembejeo anataka jedwali lenye jina lake na kiasi kamili.

Karatasi, simu na giza

Rangi ulizochagua kwa uangalifu zitakufa stesheneri. Kazi yangu karibu yote hutolewa fotokopi nyeusi na nyeupe, na huko nyekundu na kijani hugeuka kijivu kimoja. Wako pia watu, hasa wanaume, wasiotofautisha rangi hizo mbili hata zikiwa mbichi. Tumia nzito na nyepesi, mstari kamili na mstari wa vipande, na jina liandike mwishoni mwa mstari wenyewe badala ya kulitupa kwenye kisanduku pembeni. Grafu utakayotuma WhatsApp ifungue kwanza kwenye simu ndogo, uishike kwa urefu wa mkono. Usiposoma herufi, hakuna atakayezisoma. Juu weka ile sentensi yako nzima kama kichwa. Chini andika takwimu zimetoka wapi, za lini, na kipimo ni kilo au gunia.

Umeme nao ukikatika, projekta inabaki sanduku. Manila na rula vinatosha. Ukichora picha za magunia kwa ajili ya wasiosoma, chora magunia ya ukubwa mmoja, uyarudie. Usimpe aliyevuna mara mbili gunia moja lililokuzwa mara mbili, kwa sababu ukilikuza kwa urefu na kwa upana eneo lake linakuwa mara nne.

Kwenye kile kijiji cha juu nilirudi wiki mbili baadaye, bila karatasi. Nilibeba glasi mbili nyembamba za chai, zinazofanana, na maharage kwenye mfuko. Nikamwomba yule mama wa safu ya tatu anisaidie kuhesabu. Harage moja, gunia moja. Alihesabu 182 kwenye glasi ya kwanza kwa sauti, wenzake wakimfuata, na 196 kwenye ya pili. Kisha akazisogeza zikagusana, akainama hadi macho yake yakawa sawa na maharage. "Kumbe ni hapa tu," akasema, akionyesha kwa ukucha wa kidole gumba. Akazungusha glasi zile dawati kwa dawati.

Kabla ya kwenda kuchapa

Grafu ikishakamilika, namwonyesha mtu mmoja ambaye hakuwepo wakati naichora. Kwangu ni jirani anayekaanga chipsi Uyole, mama ambaye hununua viazi kila siku na hana muda wa kubembeleza karatasi. Simwelezi chochote. Namuuliza tu: "Dada, hapa unaona nini?" Kisha nanyamaza, na hilo la kunyamaza ndilo gumu. Akianza kuuliza "hii rangi ni ya nini" au "huku namba za nini", narudi nyumbani kurekebisha.

Mara ya mwisho ilikuwa grafu ya bei za msimu mzima, mstari mmoja, na alama ndogo chini yake kuonyesha wiki ambazo kila kijiji kilivuna. Aliifuta mikono yake kwenye kanga, akaishika, akaangalia mafuta yasiungue, akaangalia tena karatasi. "Mnavuna wote wiki moja, ndiyo maana mnauza kwa bei ya kutupa." Ilikuwa karibu neno kwa neno ile sentensi niliyoiandika mwanzoni. Nikavuka barabara kwenda stesheneri, nikatoa nakala 40.